Lenzi ya Bandia Nayo Inataka Kukaguliwa

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Bagamoyo)



Mkutano huu kwa desturi huhusu mizani, magunia na vitabu vya hesabu. Mkaguzi anaposimama, watu hutazamia kusikia habari za fedha taslimu zilizopungua au leja isiyofungwa. Leo nimechagua jambo jingine ambalo nimekutana nalo mara nyingi katika safari zangu za ukaguzi kutoka Mapinga na Kerege hadi Kiwangwa na Miono. Nataka kuzungumza juu ya macho. Na hasa macho ya wanachama waliokwisha kupasuliwa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi ya bandia.

Huenda mtu akauliza: mkaguzi wa ushirika ameingiaje katika habari za macho? Mimi si daktari, wala sikusudii kumnyang'anya daktari kazi yake. Lakini chama cha msingi kimejengwa juu ya haki moja ndogo, nayo ni haki ya mkulima kuutazama mshale wa mizani kwa macho yake mwenyewe na kuisoma stakabadhi yake kabla ya kuiweka mfukoni. Mwanachama asiyeuona mshale hana budi kutegemea jicho la mwenzake. Akitegemea jicho la mwenzake huanza kushuku, na shaka ikiingia katika chama, hata hesabu zilizo safi huonekana chafu. Wakulima wetu wengi wa korosho na minazi ni watu wazima, na mtoto wa jicho ni ugonjwa unaowapenda watu wazima. Kwa hiyo jambo hili ni la ushirika.

Mtoto wa jicho na lenzi yake

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, iko lenzi tuliyozaliwa nayo. Kazi yake ni kukusanya mwanga na kuupeleka nyuma ya jicho, mahali ambapo pana ngozi nyembamba ya kupokea picha, iitwayo retina. Lenzi hiyo hukaa ndani ya kifuko chembamba sana, na kifuko hicho kimening'inizwa kwa nyuzi nyingi ndogo pande zote. Miaka inapopita, lenzi hupoteza uangavu wake na kuwa kama maziwa. Huyo ndiye mtoto wa jicho. Hakuna dawa ya matone wala ya mizizi inayoweza kuirudishia lenzi hiyo uangavu wake. Njia ni upasuaji.

Katika upasuaji wa siku hizi daktari hufungua kifuko kwa mbele, akaondoa lenzi iliyochafuka, akakiacha kifuko mahali pake, kisha akaweka ndani yake lenzi ya bandia. Nafananisha na mtu aondoaye korosho mbovu ndani ya gunia lililotundikwa darini, akaliacha gunia likining'inia kwa kamba zake, akatia mzigo mpya. Naomba mfano huu wa gunia na kamba mwuweke akilini, kwa sababu nitaurudia.

Zamani haikuwa hivyo. Lenzi ilitolewa, na mgonjwa akapewa miwani mizito kama kitako cha chupa. Miwani ikivunjika au ikipotea, mtu alirudi gizani. Aliyeanzisha njia ya kuweka lenzi ndani ya jicho ni daktari Mwingereza, Harold Ridley, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alipata kutumika Afrika Magharibi na kuchunguza huko upofu wa usubi. Yeye na wenzake waliwatazama marubani wa vita walioingiwa na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege machoni, wakaona kwamba vipande hivyo vingeweza kukaa ndani ya jicho miaka mingi pasipo jicho kuvikataa. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, Ridley alianza upasuaji wake wa kwanza wa lenzi ya plastiki ya namna ile.

Madaktari wengi wa wakati ule walimpinga, na upinzani wao haukuwa wa bure kabisa. Lenzi nyingine za mwanzo zilihama mahali pake. Katika miaka ya 1950 wengine walijaribu kuziweka mbele ya mboni, nazo zikaharibu kioo cha mbele cha jicho, na nyingi zikabidi kutolewa. Jambo la kujifunza hapa ni kwamba mengi ya madhara hayo hayakuonekana siku ya kufunguliwa bandeji. Yalionekana baada ya miezi na miaka. Ni kwa sababu madaktari waliendelea kuwatazama wagonjwa wao kwa muda mrefu ndiyo maana makosa yakajulikana na lenzi zikatengenezwa upya. Ridley aliishi hata akaiona kazi yake ikikubaliwa duniani pote. Mwaka 2000 alipewa heshima ya Sir, na mwaka 2001 akafariki.

Kwetu Afrika Mashariki kikwazo kilikuwa bei. Hali ilianza kubadilika kiwanda cha Aurolab kilipoanzishwa mjini Madurai, India, mwaka 1992, na mwaka 1994 kiwanda kingine kilipofunguliwa Asmara, Eritrea, kwa juhudi zilizoanzishwa na daktari Fred Hollows wa Australia, ambaye alifariki mwaka 1993 kabla ya kukiona kikifanya kazi. Lenzi iliyokuwa mali ya matajiri ikawa ya mkulima. Hapa Tanzania, hospitali kama Muhimbili, KCMC ya Moshi, na CCBRT iliyoanza mwaka 1994 zimewarudishia watu wengi kuona, na madaktari wasaidizi waliofunzwa upasuaji wa macho wameipeleka huduma hiyo hata mikoani. Ndiyo maana leo karibu katika kila kijiji chetu yuko mzee mwenye lenzi ya bandia.

Matatizo yanayokuja baadaye

Ndugu wanachama, wengi wa waliopasuliwa wanaona vizuri na wataendelea kuona vizuri hadi mwisho wa maisha yao. Lenzi yenyewe haina tarehe ya kuisha kama dawa ya duka. Haichakai kama tairi. Nasema hivyo mapema ili mtu asitoke hapa na kwenda kumtisha baba yake. Lakini jicho lililopasuliwa ni kama ghala lililokarabatiwa: ni jema, ila lataka kukaguliwa. Nitayataja matatizo makubwa moja baada ya jingine.

La kwanza, ambalo ndilo la kawaida kuliko yote, ni ukungu wa nyuma ya lenzi. Rudini katika mfano wa gunia. Lenzi mpya ni safi, lakini chembe chache za lenzi ya zamani zilizosalia katika kifuko huota taratibu na kutanda juu ya ukuta wake wa nyuma. Mwenye jicho haumwi. Huona tu kwamba siku hizi taa zina miali, jua la adhuhuri juu ya mashamba ya chumvi linamchoma, na maandishi ya stakabadhi yamefifia. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 1998 ulikadiria kwamba hali hii iliwapata watu wapatao 12 katika kila 100 ilipofika mwaka mmoja baada ya upasuaji, 21 ilipofika miaka 3, na 28 ilipofika miaka 5. Lenzi zilizotengenezwa baadaye, zenye ukingo mkali, zimeupunguza ukungu huo, lakini hazijaumaliza. Kwa watoto waliopasuliwa, ukungu huja upesi zaidi na karibu kwa wote, isipokuwa daktari awe amechukua hatua ya kuuzuia wakati ule ule wa upasuaji.

Watu huuita ukungu huu mtoto wa jicho wa pili, na jina hilo limeleta madhara, maana humfanya mgonjwa afikiri kwamba upasuaji umeshindwa na kwamba atakatwa tena. Sivyo. Dawa yake ni mwanga wa leza, ambao ulianza kutumika kwa kazi hii karibu na mwaka 1980. Mgonjwa huketi mbele ya mashine, akatiwa matone, na daktari akatoboa kitundu katikati ya ule ukuta uliotanda. Hakuna kisu wala uzi, na kazi yenyewe ni ya dakika chache. Kwa mtu mzima, kitundu hicho kikishafunguliwa, ukungu kwa kawaida haurudi. Kama matibabu mengine, leza nayo ina hatari zake chache, kama vile kupanda kwa presha ya jicho, au kubanduka kwa retina kwa wachache. Kwa hiyo ifanywe na mwenye ujuzi, na mgonjwa arudi kutazamwa.

La pili ni lenzi kuhama. Hapa gunia ni zima, lakini kamba zake zimelegea. Huweza kutokea miaka kadhaa, hata zaidi ya kumi, baada ya upasuaji, hasa kwa aliyepigwa jichoni, au aliyekuwa na nyuzi dhaifu tangu mwanzo. Mtu huona vitu viwili kwa jicho moja, au huona kama ukingo wa duara mbele yake, au kuona kwake hubadilika ghafla. Tiba yake ni upasuaji wa kuirudisha lenzi au kuibadilisha. Nawakumbusha wanaofanya kazi mikoroshoni: tawi likimpiga usoni mtu mwenye lenzi ya bandia, hilo si jambo la kungoja jioni.

La tatu ni kubanduka kwa retina. Hili si la wengi, lakini ni la haraka kuliko mengine. Dalili zake ni mimweko kama ya radi hata mtu akifumba macho, vidoa vingi vyeusi vinavyoelea, kisha kivuli kama pazia linaloshuka au kupanda upande mmoja. Hakuna maumivu, na kwa sababu hakuna maumivu watu hungoja. Kila siku inayopita hupunguza tumaini la kuiponya.

La nne ni kuharibika kwa kioo cha mbele. Kioo hicho kina chembe hai upande wake wa ndani, ambazo kazi yake ni kuyatoa maji yasijae, na chembe hizo zikifa haziotwi nyingine. Upasuaji mgumu, au lenzi iliyowekwa mbele ya mboni, huweza kuziua pole pole. Dalili yake mwanzoni ni kuona ukungu asubuhi ambao hupungua mchana. Baadaye huja machozi, maumivu na kuogopa mwanga.

La tano ni uvimbe wa ndani na maambukizi ya polepole. Wako vijidudu wanaoishi katika ngozi zetu pasipo kutudhuru, ambao wakifungiwa ndani ya kifuko wakati wa upasuaji huweza kulala kwa miezi mingi kabla ya kuamka. Jicho huwa jekundu kidogo, huuma kidogo, hutulia likitiwa matone ya kupunguza uvimbe, kisha huwa jekundu tena. Pia lenzi isiyokaa sawasawa huweza kusugua sehemu zilizo jirani nayo, ikaleta uvimbe, damu na presha ya jicho.

La sita ni lenzi yenyewe kupoteza uangavu. Aina chache za lenzi laini zilizotumika mwishoni mwa miaka ya 1990 na baada yake ziliingiwa na chumvichumvi na kuwa nyeupe. Ni nadra, lakini nimelitaja kwa sababu moja: huweza kufananishwa na ule ukungu wa kwanza, na leza haiwezi kuliondoa, lenzi hubadilishwa. Ndiyo maana inafaa mgonjwa ahifadhi karatasi aliyopewa hospitali, inayoonyesha ni lenzi gani aliyowekewa, jicho gani na tarehe gani. Mkulima asiyetupa stakabadhi ya korosho, kwa nini atupe stakabadhi ya jicho lake?

Mambo niliyoyaona vyamani

Katika chama kimoja ambacho sitakitaja jina, alikuwako mzee mmoja mkulima wa korosho aliyepasuliwa jicho la kulia akaona vizuri kwa muda wa miaka miwili hivi. Baadaye akaanza kuona ukungu. Hakurudi hospitali. Aliwaambia wenzake barazani kwamba lenzi imekwisha muda wake, na kwamba madaktari hukupa macho ya kuazima. Maneno ya mzee huyo yalipokewa, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Nilipofika kukagua, katibu alinieleza kwamba wazee watatu wengine waliokuwa na mtoto wa jicho walikuwa wamekataa kwenda kupasuliwa kwa sababu ya maneno yale. Mzee mwenyewe siku ya mizani alisimama kando, mkewe akamsomea. Mwisho mwanawe alimpeleka akapigwa leza, akarudi anasoma. Lakini kati ya wale watatu, ni mmoja tu aliyekubali kwenda. Tazameni, ndugu: kosa la kutorudi kuangaliwa halikumdhuru mwenye jicho tu. Lilifunga njia ya wengine.

Katika chama kingine alikuwako mama mmoja ambaye jicho lake lililopasuliwa lilikuwa jekundu kila mara. Alinunua matone dukani, jicho likatulia. Likawa jekundu, akanunua tena. Aliendelea hivyo karibu mwaka mzima. Matone hayo yalikuwa ya jamii ya steroidi, ambayo daktari huyatumia kwa kipimo na kwa muda, lakini ambayo yakitiwa ovyo huweza kupandisha presha ya jicho na kuficha maambukizi. Presha hula mshipa wa fahamu wa jicho pasipo kelele, na mshipa uliokufa haufufuki. Mama huyo alifika hospitali akiwa amebakiwa na mwanga wa dirisha tu. Lenzi yake ilikuwa nzima kabisa.

Nimetaja mama kwa makusudi. Tafiti zilizofanywa katika nchi zetu, zikiwamo za wataalamu waliofanya kazi Moshi, zimeonyesha kwamba wanawake hupata upasuaji wa mtoto wa jicho kwa uchache kuliko wanaume, ingawa ugonjwa huwapata sana. Nauli hutafutwa kwa baba; mama huambiwa angoje msimu. Na kama ilivyo vigumu kwa mama kupata safari ya kwanza, safari ya kurudi kuangaliwa ni ngumu zaidi.

Kazi iliyo mbele ya chama

Sasa nageukia kwenu, Ndugu Makatibu. Napendekeza mambo matano, nayo yote yamo ndani ya uwezo wa chama cha msingi.

Kwanza, kila mwanachama aliyepasuliwa ajifunze kujipima mwenyewe kila mwezi. Aifunge kwa kiganja jicho la kushoto, atazame kwa la kulia; kisha abadilishe. Katika ukuta wa ofisi ya chama ibandikwe kalenda yenye tarakimu kubwa, na sakafuni uchorwe mstari hatua sita kutoka hapo. Mtu akiona kwamba tarakimu alizozisoma mwezi uliopita hazisomi tena, asingoje. Kujipima kwa macho yote mawili pamoja hakufai, maana jicho zima huficha ubovu wa mwenzake.

Pili, katibu awe na daftari la waliopasuliwa, kwa ridhaa yao wenyewe: jina, jicho, tarehe, hospitali, na tarehe ya kurudi. Daftari hilo lifungiwe kama vifungiwavyo vitabu vya fedha, kwa maana habari za mwili wa mtu si za barazani.

Tatu, safari ya ukaguzi wa macho ipangwe kwa kalenda yetu. Katikati ya mwaka tunapuliza salfa kuzuia ubwiri unga, na Oktoba tunaingia katika mavuno. Hakuna atakayekubali kuondoka. Mwezi wa Februari ndio unaofaa: malipo mengi ya korosho yamekwisha kuja, na masika haijaanza kuharibu njia. Kutoka Bagamoyo hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 70 tu, lakini kwa mzee wa Miono asiyeona, na msindikizaji wake, ni nauli za watu wawili kwenda na kurudi. Watu kumi wakisafiri pamoja gharama hupungua na woga hupungua. Kabla ya kuondoka, katibu apige simu hospitalini kuuliza kama mashine ya leza inafanya kazi siku hiyo. Swali hilo moja huokoa nauli za watu kumi.

Nne, salfa. Vumbi la salfa huwasha jicho lolote, sembuse lililopasuliwa. Aliyepasuliwa karibuni asipulize wala asisimame chini ya upepo wa mashine mpaka daktari amruhusu. Na wote wanaopuliza wavae miwani ya kukinga. Chama kinachonunua salfa kwa mkopo kinaweza kununua na miwani.

Tano, katibu ajue dalili ambazo mgonjwa hapaswi kulala nazo hata usiku mmoja: maumivu makali, wekundu pamoja na kupungua kwa kuona, giza la ghafla, mimweko na pazia, na jicho lililopigwa. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali ya wilaya siku ile ile, aeleze kwanza kabisa kwamba ana lenzi ya bandia, naye atapelekwa mbele kwa bingwa. Asitiwe maji ya majani, asali, wala tone la dukani.

Habari za fedha

Hapa narudi katika kazi yangu halisi. Nawajua baadhi yenu mmekwisha kuanza kufikiri: tukate shilingi kidogo kwa kila kilo. Nia ni njema, lakini njia ina sheria. Makato yoyote katika malipo ya mkulima ambayo hayakupitishwa na mkutano mkuu nitayaandika katika taarifa yangu kuwa ni upungufu, hata kama yamempeleka kipofu hospitali. Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 6 ya mwaka 2013 imeuweka mkutano mkuu juu ya kamati, na kamati juu ya katibu. Kwa hiyo jambo hili liletwe katika mkutano mkuu pamoja na makisio ya mwaka, lijadiliwe, liandikwe katika muhtasari, na liwe na fungu lake. Mfuko wenyewe uwe wa mkopo wa nauli usio na riba, unaorudishwa wakati wa malipo ya msimu, au uwe msaada kwa wasiojiweza. Wanachama ndio watakaoamua. Ukiingia pasipo muhtasari, mwaka wa pili utakuwa chanzo cha ugomvi, na waliotibiwa watanyoshewa vidole.

Wala asiseme mtu kwamba hili si jukumu la ushirika. Mwaka 1995, katika mkutano wa Manchester, Uingereza, Umoja wa Vyama vya Ushirika Duniani ulithibitisha misingi saba ya ushirika, na wa saba ni kuijali jamii. Hata wale wafumaji wa Rochdale walioanzisha duka lao mwaka 1844 walianza na kupima unga na siagi kwa haki. Kipimo cha haki kinahitaji mizani iliyo sawa, na kinahitaji jicho la kuitazama.

Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, kwa kumalizia nataka tukubaliane juu ya maneno ya kuwapelekea wanachama walioko nyumbani. Mtoto wa jicho hutibika. Lenzi ya bandia ni kitu kizuri na hudumu. Ukungu unaokuja baada ya miaka si mwisho wa safari. Ni jambo lenye tiba ya dakika chache kwa anayerudi. Jicho jekundu linalouma si la duka, ni la hospitali. Na mtu ambaye jicho lake limemsumbua asitangaze kwamba madaktari wamemlaghai kabla hajarudi kwao kuuliza, kwa sababu kila neno lake lina msikilizaji ambaye yeye mwenyewe anangoja giza lake liondolewe.

Katika ukaguzi wangu ujao, nikifika ofisini kwenu, nitaomba kuona leja, kitabu cha fedha, stakabadhi na muhtasari, kama kawaida. Nitatazama pia ukutani kama kalenda ya tarakimu kubwa ipo, na sakafuni kama mstari umechorwa.